Chumba cha Vitanda Viwili

Leipzig, Ujerumani
Jumatatu, 2 Juni 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute mzima, goti likiwa limepunguza kelele na ng'ombe akiwa amezaa salama. Mimi huku sijambo. Baridi imeondoka, watu wametoka nje na nguo fupi kama wamefunguliwa gerezani. Kazi ya lifti inakwenda vizuri, wiki iliyopita tumefunga mbili kwenye nyumba ya wazee.

Nakuandikia kwa sababu simu tumeshindwana nayo. Wewe unapaza sauti utadhani niko ng'ambo ya korongo, mimi nasema "ndiyo mama, ndiyo mama", halafu mtandao unakata. Vaileth jirani atakuchapishia hii kama kawaida, nawe ukijibu kwa mkono wako atapiga picha anitumie.

Nina habari. Septemba kampuni inanileta Nairobi kwa mafunzo ya wiki moja, na nimeomba siku tatu za kwangu baada ya hapo. Nakuja Arusha, mama! Baada ya miaka kumi na moja! Nitafika Ijumaa tarehe kumi na mbili, niondoke Jumatatu asubuhi.

Sasa nisaidie jambo moja. Nitafutie hoteli nzuri mjini. Kwenye mtandao picha zote zinameremeta, sijui ipi ya kweli na ipi ya uongo. Nataka ya kisasa kidogo, safi, inayopendeza macho, lakini bei isiwe ya watalii wanaokwenda kuona simba. Wewe una jicho. Ukishika kitenge pale sokoni Tengeru muuzaji anaanza kutoka jasho. Nenda ukaone mwenyewe, kisha uniambie.

Mwanao wa mwisho,
Calvin


Akheri, Meru
Jumatatu, 9 Juni 2025

Mwanangu Calvin,

Marahaba. Bwana asifiwe. Huku tupo, tunadunda. Goti linatangaza mvua kabla ya redio. Ng'ombe amezaa ndama jike mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, na ana kiburi tangu siku ya kwanza.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kimya kimya, mara ya pili nikamsomea Vaileth ingawa ndiye aliyeichapisha, mara ya tatu kwa sauti, jikoni, peke yangu. Mwanangu anakuja! Nimecheka, nimelia, nimeunguza maharage.

Kazi yako nimeifanya. Nimezunguka hoteli nne, tatu Tengeru na moja Kimandolu, na zote nimekula ili nisikudanganye. Ya kwanza chapati zake ukimrushia mbwa atakimbia. Ya pili ni ya mama mmoja Mchaga, Mama Princess. Huyo mtori wake wa ndizi ni mzito, nyama imeiva mpaka inaachia mfupa, na anakuongezea mchuzi bila kuombwa. Meza ametandika plastiki za maua, kwa hiyo na kupendeza kupo. Ya tatu ina nzi kuliko wateja. Ya Kimandolu wana feni na pilau, ila pilipili yao ni ya chupa. Ushauri wangu ni Mama Princess. Nimeshamwambia unakuja, na ameahidi kukuwekea supu ya kongoro siku zote tatu.

Ila nikuulize, na usikasirike. Kwa nini ule hotelini? Mimi nimeacha kupika lini? Ndizi zipo, maziwa yapo, loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando nitakukorogea mpaka useme basi. Au Wajerumani wamekuharibu tumbo?

Mama yako,
Tabea


Leipzig
Alhamisi, 12 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, na mbavu zinauma kwa kucheka. Nilikuwa juu ya jengo nasoma barua yako kwenye simu, fundi mwenzangu akapanda mbio kuuliza nimepatwa na nini. Nikamweleza habari ya chapati na mbwa. Hakuelewa, lakini akacheka.

Kosa ni langu. Nimekaa huku mpaka nimesahau kwamba kwetu hoteli ni mahali pa kula. Ninayotaka ni ya kulala, mama. Yenye vyumba na vitanda. Nitalala hapo Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Wewe utakuja mjini tukae, tunywe chai, tuongee mpaka tuchoke. Sitaki kuwasumbua nyumbani na kuandaa vitanda na kualika watu. Nataka kupumzika tu.

Mama Princess mwambie asikasirike, kongoro nitafuata.

Mwanao,
Calvin


Akheri
Jumatatu, 16 Juni 2025

Calvin,

Marahaba. Wazima. Ndama mzima.

Kwa hiyo ni gesti.

Mwanangu, watu wanaoingia gesti nawajua, na namna wanavyoingia naijua, mtandio umefika puani. Mimi ni katibu wa umoja wa wanawake wa usharika. Unataka nionekane mchana kweupe naingia gesti kuuliza bei ya chumba? Vaileth ameniambia hapana mama, hizi kubwa siyo gesti, kuna tofauti. Haya. Tuseme kuna tofauti.

Lakini kutoka mjini hadi mlangoni kwangu ni nusu saa. Kitanda chako kipo, shuka nazifua kila mwezi kana kwamba umetoka jana. Kwa desturi yetu nyumba ya wazazi ni ya mtoto wa mwisho, na wa mwisho ni wewe, sikuzaa tena. Mtu anapangaje chumba nusu saa kutoka nyumbani kwake? Watu wakiniuliza nitajibu nini?

Na wameshaanza kuuliza. Baba yako mkubwa Abdiel alisimama hapa jana akitoka ibadani. Hakuuliza unaleta nini wala unakaa siku ngapi. Aliuliza, "Anakuja kutia udongo?" Unajua tulivyo. Aliyekosa maziko haingii ndani kabla hajatia udongo kaburini, ukoo ukiwa umesimama. Baba yako ametimiza miaka minne pale chini ya migomba na udongo wako bado haujafika. Nilimjibu shemeji kwamba unakuja, nikabadilisha mazungumzo.

Hoteli nitakutafutia kwa sababu umeniomba. Lakini ujue nakwenda nimenuna.

Mama yako


Akheri
Jumatatu, 30 Juni 2025

Mwanangu Calvin,

Marahaba, marahaba tena na tena! Sijatulia bado. Vaileth ananiambia niandike polepole asije akashindwa kupiga picha mwandiko huu, lakini mkono wenyewe unakimbia.

Tulikwenda Jumamosi. Nilivaa gauni la Pasaka, nikashika na kitabu cha nyimbo ili atakayeniona asiwaze vibaya. Vaileth alikuwa na majina matatu kwenye simu yake.

Ya kwanza iko Olasiti. Kwenye picha ilikuwa na bwawa la kuogelea, maji ya buluu, na mwavuli pembeni. Bwawa tumelikuta, lina maji ya mvua na vyura. Chumbani nikafungua bomba, likakohoa, basi. Nikamwuliza msimamizi picha zile mlipigia wapi, akasema, "Mama, zile ni za mfano." Nikamwambia na sisi hela tutakupa ya mfano. Ya pili, Engutoto, sina neno baya. Maua, adabu, vikombe vyembamba. Ila bei waliitaja kwa dola bila hata kushusha sauti, tukashukuru tukatoka.

Ya tatu ni ya ghorofa sita, Kimandolu. Mlango wake ni wa kioo, uliniona nakuja ukafunguka. Nikarudi nyuma, ukajifunga. Nikasogea, ukafunguka. Vaileth akaninong'oneza, "Mama twende, watu wanatuangalia." Mapokezi tulimkuta binti anaitwa Elinipa. Kumbe ni wa kwetu, wa Poli! Aliposikia lafudhi yangu akanisalimia kwa Kimeru, na hapo roho yangu ikatua.

Akatuingiza kwenye kijumba cha chuma, milango ikafunga yenyewe. Nikadhani ndipo wageni wanaposubiri, nikawa natafuta kiti. Elinipa akabonyeza sita. Calvin! Sakafu ikanisukuma nyayo, tumbo likabaki chini, mimi nikaenda juu! Nikamkamata mkono nikasema, "Yesu wangu, kinatupeleka wapi?" Akasema, "Mama, ni lifti tu."

Lifti! Miaka kumi na moja unaniambia mama natengeneza lifti, na mimi najibu vizuri mwanangu, Mungu akubariki, nikidhani ni kitu kama jeki ya gari. Hata kwenye maombi nimekutaja hivyo hivyo, fundi jeki. Kumbe ni hii! Mtu anasimama tu, ngazi hapandi hata moja, goti halina habari, mlango ukifunguka yuko hewani! Niliwatangazia wote mle ndani, na mzungu mmoja alikuwepo, kwamba mwanangu ndiye anayezitengeneza hizi. Yule mzungu akanipa mkono. Nikamwomba Elinipa turudi chini. Tukashuka, tukapanda, tukashuka, tukapanda. Mara ya nne sikumshika mtu. Niliweka kiganja ukutani nikausikia unavyotetemeka kidogo kidogo, nikawaza, mtoto niliyembeba mgongoni kwenye tope la Akheri anajua kilichomo ndani ya ukuta huu. Nakuomba radhi, mwanangu. Nilikuwa sijui una akili kiasi gani.

Chumba sasa. Hawatumii ufunguo, wanatumia kadi kama ya kliniki. Nilivua viatu mlangoni, Elinipa akasema siyo lazima, nikamwambia ni lazima. Kitanda cheupe, mito minne kwa kichwa kimoja. Taulo wamelikunja likawa bata, nikakataa wasilikunjue. Godoro nimelipiga ngumi, halikulalamika. Maji ya moto yanatoka bila kuwasha kitu chochote. Ukutani hawakujaza mapicha, kuna kitambaa kimoja tu kimetundikwa, na kinapendeza, sijui kwa nini kinapendeza. Hata karatasi ya kuandikia wanakuwekea mezani, na kalamu. Nilitembea mle ndani nikiongea chini chini kama niko kanisani.

Halafu akavuta pazia. Nje ilikuwa ukungu mtupu. Akasema, "Pole mama, leo umejificha." Nikamwuliza nani? Kabla hajajibu wingu likapasuka, na Mlima Meru ukatokea, wote, kutoka chini mpaka kileleni.

Mwanangu, mimi nimezaliwa juu ya mlima huo. Nimeolewa juu yake, nimelima, nimezika. Lakini kule kwetu mtu anaona migomba yake, kahawa yake, msitu kidogo na ukungu, basi. Na mjini nikija naangalia mkoba wangu nisiibiwe. Sikuwahi hata siku moja kusimama mahali nikauangalia usoni. Ni mkubwa, Calvin! Ni mkubwa jamani! Una kichwa, una mabega, umekaa kimya umeuweka mji wote miguuni. Vaileth ni shahidi. Nikapiga magoti pale pale kwenye zulia lao, pamoja na hili goti bovu. Nikamwuliza Elinipa kwetu ni wapi. Akaweka kidole kwenye kioo, upande wa kulia, pale bega linaposhuka likawa kijani. "Kule ndiko Akheri, mama." Maisha yangu yote ya miaka sitini na nane yalikuwa chini ya kidole kimoja cha yule binti. Nililia, na wala siyo kwa huzuni. Niliogopa vizuri, kama mtu anavyoogopa mbele za Mungu.

Basi nimekuchagulia hiyo. Ghorofa ya sita, upande wa mlima. Inapendeza, na bei inaingia akilini, chai ya asubuhi imo.

Ila kuna jambo limebaki. Tulipoteremka kuandikisha, Elinipa akauliza, "Mgeni wenu ni mzawa au mgeni?" Wana bei mbili. Mzawa analipa kidogo, mgeni toka nje analipa karibu mara mbili. Ni swali la kawaida, wanauliza kila mtu. Mimi nikasimama pale nimeshika kalamu. Mtu aliyezaliwa Akheri ni mzawa. Mtu anayekuja Akheri asilale Akheri ni nani? Watu nyuma yangu wakaanza kukohoa. Nikamwambia nitarudi.

Sasa niambie wewe, na uniambie ukweli. Sitaki hiyo ya kutosumbua watu. Kwa nini hutaki kulala nyumbani? Nikuandikishe nini?

Mama yako


Leipzig
Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Najua umesubiri wiki sita. Najua Vaileth amekuambia barua imefika, kwa sababu simu inaonyesha kwamba nimeisoma. Nimeisoma kila siku. Ile ya lifti nimewasomea mafundi wenzangu, nikaitafsiri neno kwa neno, na mzee wetu wa kazi alivua kofia. Amesema kwa miaka thelathini hakuna aliyewahi kumweleza kazi yake namna ile.

Lakini swali lako nililikimbia. Leo nalijibu, na nakuomba ukae chini kwanza.

Baba alipofariki niliwaambia serikali ya huku imenikatalia kibali, kwamba nikitoka sitarudi. Siyo kweli, mama. Kibali nilikuwa nacho. Bosi alinipa ruhusa siku ile ile, tiketi nilikata. Nilikwenda Frankfurt uwanja wa ndege, nikapita ukaguzi wote, nikakaa kwenye kiti mbele ya mlango wa ndege. Wakaita abiria. Wakaita tena. Wakaita jina langu, Calvin Aminieli, mara tatu, wanalitamka vibaya. Sikunyanyuka. Niliiangalia ndege ikiondoka, nikarudi kwa treni, nikawapigia simu ya uongo.

Unajua kwa nini? Jumanne kabla hajafa baba alinipigia. Alitaka kunieleza habari ya miche mipya ya kahawa, jinsi alivyoipanga, na unajua baba akianza habari ya miche. Nikamwambia, "Baba niko kazini, nitakupigia." Sikuwa kazini. Nilikuwa nimechoka tu. Sikumpigia Jumatano, wala Alhamisi. Jumamosi ukanipigia wewe.

Nilishindwa kwenda kusimama mbele ya mtu niliyemkatia simu. Na sasa nashindwa kupita pale chini ya migomba kuingia ndani. Baba mkubwa ataniuliza mbele ya ukoo kilichonizuia, ndiyo haki yao, na mimi sina cha kusema. Ndiyo maana nikataka hoteli. Nilitaka nikuone wewe peke yako, niondoke. Niandikishe mgeni, mama. Hiyo bei ndiyo stahili yangu.

Mwanao, kama bado,
Calvin


Akheri
Jumatano, 20 Agosti 2025

Calvin,

Marahaba. Goti baya. Ndama mzima.

Barua yako Vaileth alinipa imekunjwa, akaenda zake bila kuaga, nikajua ameisoma. Nilikaa chini kama ulivyosema. Kisha nikasimama, nikachukua jembe, nikalima mpaka jua likazama pale ambapo palikuwa hapahitaji kulimwa.

Nimekasirika, na usifikiri nimemaliza. Mimi niliapa kwa ajili yako. Nilisimama mbele ya ukoo mzima, maiti ya mume wangu iko sebuleni, nikaapa kwamba mwanangu amezuiwa na serikali ya watu, kwamba angekuja hata kwa miguu. Abdiel alikuwa amesema mtoto amewasahau wazazi, nikamjibu vibaya sana, na ni mkubwa wangu. Umenifanya niape uongo, Calvin. Siku tatu sikuweza hata kutaja jina lako kwenye sala.

Siku ya nne ndiyo nikakumbuka jambo ambalo sijamwambia mtu. Baada ya baba yako kuzikwa, mimi miezi saba sikurudi kaburini. Liko hatua ishirini kutoka mlangoni! Nilikuwa nazunguka nyuma ya zizi kwenda kuchota maji, njia ndefu, kwenye matope, nisipite pale. Watu wakiniuliza nasema kule nyuma kuna kivuli. Kwa sababu ile Ijumaa ya mwisho aliniita mara mbili nimpelekee maji, nikamwambia ngoja nimalize kuchambua maharage. Nikamaliza maharage yote. Kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako. Mimi ndege yangu ilikuwa hapa hapa uani, na nilikaa kwenye kiti miezi saba.

Jana nimekwenda Kimandolu. Nilipanda kwa lifti mwenyewe, nikabonyeza mwenyewe. Nilimwomba Elinipa anionyeshe tena dirisha, na mlima ulikuwa wazi tangu asubuhi. Nimesimama pale karibu saa nzima na sikuuzoea hata kidogo. Ulinishika kama siku ile ya kwanza. Nikaona hasira niliyopanda nayo imekuwa ndogo, siyo kwamba imeisha, ila imekuwa na ukubwa wake wa kawaida.

Nikateremka nikaandika mzawa. Elinipa akasema mama, watataka kitambulisho chake cha hapa. Nikamwambia kitambulisho ndiyo mimi, nitakuwepo.

Kwa sababu chumba nilichochukua ni cha vitanda viwili. Wewe huwezi kuja kulala kwangu, basi mimi nitakuja kulala kwako. Ng'ombe nimemkabidhi Vaileth. Tutakula, tutalala, hakuna atakayekuuliza kitu. Jumamosi ukitaka kwenda kwa baba yako tutakwenda wote, na mimi nitasimama mbele ya Abdiel niseme niliapa uongo. Usipotaka, utaondoka Jumatatu na nitakusindikiza. Ila nitaumia. Hilo nakuambia wazi ili usije ukasema hukujua.

Ijumaa nitakusubiri pale kwenye mlango wa kioo.

Mama yako


Kimandolu, ghorofa ya sita
Jumamosi, 13 Septemba 2025
saa kumi na moja na nusu alfajiri

Mama,

Shikamoo. Utaisoma hii ukiamka, nimeiacha juu ya mto wa tatu, ule uliosema hauna kazi.

Umelala. Nimekaa kwenye kiti nakuangalia, na nimegundua sijawahi kukuona umelala. Utoto wangu wote niliamka nikakukuta umeshawasha moto. Unakoroma, mama, nani angeamini? Umelala chali katikati ya kitanda kikubwa, mikono umeitupa huku na huku kama mtoto aliyeshiba, na nimeshindwa kukuamsha. Jana ulipofungua mikono pale mlangoni nilidhani utanipiga. Ulinishika masikio yote mawili mbele ya wageni, ukanigeuza geuza uso kama unanunua papai. Hukuuliza kitu mpaka tunazima taa. Gizani nikakusikia unapitiwa na usingizi.

Nimempigia baba mkubwa Abdiel sasa hivi. Alipokea mlio wa kwanza, wazee hawa hawalali. Nimemwambia yote kwenye simu, Frankfurt, jina langu kuitwa, baba na miche. Nimemwambia na kiapo chako kilikuwa uongo wangu, siyo wako. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Uko wapi?" Nikamwambia Kimandolu, kwenye hoteli. Akasema, "Njoo. Nitakusubiri barabarani, usipite pale peke yako."

Kwa hiyo nakwenda. Naogopa, sikufichi. Nimevuta pazia kidogo kabla ya kuandika hii. Mlima ni mweusi tii, na kule kulia, kwenye bega, kuna taa moja inawaka. Najua siyo ya kwetu, lakini nimeiangalia sana, na nikapata nguvu ya kuvaa viatu.

Usiharakishe kunifuata. Udongo wangu niache niutie mwenyewe, wewe umeshasimama mbele ya ukoo kwa ajili yangu mara moja, inatosha. Majani ya ng'ombe nitakata, Vaileth apumzike. Nimepita mapokezi kuulizia chumba, kimelipiwa mpaka Jumatatu. Nimewaambia jina la mgeni libadilishwe, waandike lako. Kaa, mama. Panda lifti unavyotaka. Chai iko chini mpaka saa nne.

Jioni usiniwekee kitanda hapa. Mimi nalala nyumbani.

Mwanao wa mwisho,
Calvin